Picha Inabaki kwa Nani?

Desemba 1948 mpigapicha wa Marekani Irving Penn alimaliza kazi aliyotumwa Lima na jarida la mitindo la Vogue. Badala ya kurudi New York moja kwa moja, akapanda milimani hadi Cusco, mji mkuu wa kale wa Wainka, meta 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko alimpata mwenye studio ya picha, akaikodi studio hiyo kwa siku tatu za majira ya Krismasi. Kilikuwa chumba chenye mwanga wa jua, sakafu ya mawe na pazia la kitambaa lililochorwa. Watu wa vijijini waliokuwa wameshuka mjini kwa sikukuu walikuja hapo kama walivyozoea kila msimu, wakiwa tayari kulipia picha zao za familia, wakamkuta mgeni. Penn alieleza miaka mingi baadaye kwamba mambo yaligeuka: badala ya wao kumlipa yeye, yeye ndiye aliyewalipa wao ili wakae mbele ya kamera. Baadhi ya picha alizopiga siku zile huhesabiwa leo miongoni mwa picha bora za karne ya 20.

Kugeuka huko kwa malipo kunaonekana jambo dogo, lakini ndimo lilimo swali zima la mgeni anayeishi kwa kamera katika milima ya Andes. Anayelipia picha huondoka nayo, akaitundika ukutani, akawaonyesha wajukuu. Anayelipwa ili apigwe picha huondoka na fedha, na picha huondoka na mwenye kamera. Picha ya Penn ya watoto wawili wa Cusco, wamesimama pekupeku na kushikana mikono, iliuzwa mnadani mwaka 2008 kwa zaidi ya dola 500,000. Simlaumu Penn kwa bei hiyo, kwani aliwatazama watu wale kwa heshima inayoonekana wazi. Ninachosema ni kwamba kazi ya mpigapicha mgeni haipimwi kwa kipaji chake peke yake, wala kwa pasipoti yake. Inapimwa pia kwa njia inayofuatwa na picha ikishapigwa. Na maisha ya kila siku, yale ya kupanga chumba, kununua mkate na kukaa miaka, ndiyo yanayomfanya mtu ashindwe kulikwepa swali hilo.

Kabla Penn hajafika, Cusco ilikuwa na utamaduni wake wa studio, tena ulioshamiri. Jina kubwa kuliko yote ni Martín Chambi, mtoto wa familia ya Kiquechua aliyezaliwa Coaza, upande wa Puno, mwaka 1891. Alikutana na kamera akiwa kijana kwenye mgodi wa dhahabu wa kampuni ya kigeni, ambako wapigapicha wa kampuni walimwonyesha kazi. Akaenda Arequipa kujifunza kwa Max T. Vargas, akafungua studio Sicuani mwaka 1917, na mwaka 1920 akahamia Cusco. Mbele ya kamera yake, iliyotumia vioo mahali pa filamu, walipita wakuu wa serikali, wenye mashamba makubwa, maharusi, wanamuziki na wakulima wa kawaida. Wengi walikuwa wateja: walichagua nguo, wakachagua namna ya kukaa, wakalipa, wakarudi kuchukua picha zao. Ukizitazama picha za Penn huku unalijua hili, unaona kwamba ule utulivu wa watu wake, ule uhodari wa kusimama mbele ya lenzi bila kujikunyata, haukuzaliwa katika siku tatu. Ulijengwa kwa miaka mingi na mafundi wa mji huohuo. Mgeni alikuta meza imeshaandaliwa.

Sasa mfikirie yule asiyeondoka siku ya nne. Cusco na vijiji vya Bonde Takatifu vina wapigapicha wa namna hiyo, kutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na maisha yao hayafanani sana na yale ya kwenye majarida. Hewa ya kimo kile ina oksijeni takribani theluthi mbili tu ya ile ya pwani, kwa hiyo ngazi za mtaa wa San Blas hupandwa kwa kuhema, na chai ya majani ya koka husaidia kidogo. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya sifuri na betri huishiwa nguvu, ndiyo maana wengi hulala nazo ndani ya mablanketi. Mchana jua ni kali na hewa ni nyepesi, hivyo upande wa jua huungua na upande wa kivuli huwa mweusi, na uso ulio chini ya kofia pana hupotea kabisa. Tangu Novemba hadi Machi ni mvua, na barabara za vijijini huweza kukatika. Kuna foleni ya kadi ya ukaazi na kodi ya pango. Kuna pia kutafuta riziki, ambako mara nyingi maana yake ni kuwaongoza watalii wenye kamera, kupiga picha za hoteli, au kufanya kazi za mashirika ya misaada yanayotaka sura ya mtu aliyesaidiwa, tena iwe inatabasamu. Hizo picha za kibiashara karibu zote huelekea upande mmoja, kule kule zilikoelekea picha za Penn.

Lakini kukaa kunafundisha mambo ambayo ziara haiwezi. Chukua kazi moja tu ya kila mwaka, utengenezaji wa chuño, yaani viazi vinavyokaushwa kwa baridi. Viazi vidogo hutandazwa juu ya nyasi katika usiku wa baridi kali, vikaganda hadi ndani. Asubuhi jua likianza kuvilegeza, watu huvikusanya katika mafungu na kuvikanyaga kwa miguu mitupu. Maji hutoka, maganda huvuka. Hurudiwa hivyo kwa siku kadhaa mpaka vibaki vyepesi, vikavu, vyeusi, vya kuwekwa ghalani kwa miaka. Mpita njia hupata picha ya miguu juu ya viazi, akaandika chini yake kwamba ni desturi ya kale. Mkaazi anajua kwamba familia imekuwa ikitazama anga wiki nzima, maana usiku wa mawingu huzuia baridi isishuke na kazi ikaharibika. Anajua ni shamba la nani, ni nani hayupo kwa sababu amekwenda mjini kufanya vibarua, na mwaka jana baridi ilichelewa kiasi gani. Picha yake huanza usiku, kabla ya miguu, na huanza na wasiwasi wa watu ambao chakula chao kinategemea nyuzi chache za kipimajoto.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jamii za Andes zina jembe lao la kumpa mgeni. Kuna siku za kazi ya pamoja, kusafisha mifereji ya maji na kutengeneza njia, na anayeishi kijijini hutazamiwa aje, au atume mtu, au atoe mchango. Kuna ayni, mpango wa kusaidiana kwa zamu: aliyekusaidia kuvuna leo anaingoja siku yako. Kuna pia usimamizi. Mtoto akinyolewa nywele za kwanza, msimamizi hukata kishungi cha kwanza na kutoa fedha au mnyama. Katika sherehe za Peru na Bolivia huwapo msimamizi wa keki, msimamizi wa muziki, na hata msimamizi wa picha, ambaye gharama ya picha ni juu yake. Ni rahisi kukisia ni nani hufikiriwa kwanza kwa nafasi hiyo kijiji kikiwa na mgeni mwenye kamera. Akikubali, njia ya malipo imegeuka tena: sasa yeye ndiye anayegharimika, na picha ni za wenye sherehe. Amekuwa ndugu wa hiari, na undugu huo hauishi siku ya harusi. Asipozileta picha, wenyewe wanajua mlango wa kugonga. Hapo ndipo ninapoona thamani ya ukaazi, katika ule uwezekano wa kudaiwa.

Kuna atakayepinga kwamba sanaa haidaiwi hivyo. Atasema Penn alikaa siku tatu akatoa kazi isiyosahaulika, na kwamba Werner Bischof wa Uswisi alipita tu Peru mwaka 1954, akampata yule mvulana anayepuliza filimbi huku akitembea ukingoni mwa mlima njiani kuelekea Cusco, picha iliyozunguka dunia nzima. Ni kweli, na ni picha nzuri mno. Bischof aliilipia safari ile kwa uhai wake, maana Mei 16 mwaka huohuo gari lake lilitumbukia korongoni katika milima hiyohiyo, akiwa na miaka 38. Lakini uzuri hujibu swali moja tu. Hausemi kama picha inajua inachokitazama, wala nani ananufaika nayo. Kichwa cha picha ile kinataja njia, mvulana hatajwi. Mlinganishe Bischof na Mfaransa Pierre Verger, aliyefanya kazi na jumba la makumbusho la Lima kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1940, kisha mwaka 1945 akatoa kitabu cha sherehe na ngoma za Cusco na Andes. Kitabu cha namna hiyo hakipatikani kwa kupita. Sherehe zina kalenda, kila kijiji kina mtakatifu wake na kikundi chake cha wachezaji, na anayetaka kujua kwa nini huyu amevaa barakoa na yule amebeba mjeledi hana budi kurudi mwaka unaofuata. Si ajabu kwamba Verger huyohuyo baadaye alihamia Bahia, Brazili, akatumia maisha yake yaliyobaki kufuatilia mafungamano ya watu wa huko na Benin. Tabia ya kukaa ilikuwa imeshamwingia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Linasema kukaa si ucha Mungu. Mgeni mkaazi bado ana fedha za kigeni na tiketi ya kuondokea. Fedha zake na za watalii anaowaleta hupandisha kodi za mitaa ya kale. Na anaweza kuishi miaka ishirini akijua majina ya mikahawa tu. Yote hayo yapo. Katikati ya Cusco, karibu na ukuta wa mawe wa Wainka, utawakuta wanawake na wasichana waliovaa mavazi ya vijijini, wamebeba mwana-alpaka au mwana-kondoo, wakingoja kupigwa picha kwa sarafu. Soko hilo limetengenezwa na kamera za wageni, za wapitao na za wakaazi pia. Wapo wanaowacheka akina mama hao kwamba si halisi. Mimi naona wao ndio walioelewa biashara hii vizuri kuliko wote: kama picha haitarudi, basi bei ilipwe papo hapo. Kwa hiyo sidai kwamba ukaazi humtakasa mtu. Nadai kitu kidogo kuliko hicho, kwamba humweka mahali ambapo anaweza kuulizwa. Akijibu au asijibu ni juu yake, na ndiyo maana tunaweza kumhukumu.

Waliojibu wapo. Wajerumani wawili waliokuwa wakiishi Peru, Thomas Müller na mkewe Helga Müller-Herbon, walianzisha mwaka 1986 warsha za picha za kijamii zilizojulikana kwa kifupi kama TAFOS. Mzizi mmoja wa warsha hizo ulikuwa Ocongate, wilaya ya milimani mkoani Cusco, ambako wakulima walitaka kamera waonyeshe uonevu waliokuwa wakitendewa. Müller alikuwa mpigapicha. Angeweza kwenda mwenyewe, akarudi na picha za kuhuzunisha, akazichapisha Ulaya. Badala yake kamera zikakabidhiwa kwa watu waliochaguliwa na jumuiya zao, wakafundishwa, filamu zikasafishwa, na picha zikarudi kubandikwa na kujadiliwa palepale zilipopigwa. Kazi hiyo iliendelea hadi 1998, katika maeneo mengi ya nchi, mijini na vijijini, na kuacha hazina ya negativu zinazofikia 150,000 hivi. Ndani yake mna mikutano, mazishi, mpira, migomo, chakula, ulevi, watoto wanaokwenda shule. Mna pia picha zilizopinda na zisizo na mwanga wa kutosha, na hakuna aliyeona haja ya kuzificha.

Basi kwa nini wageni wasiondoke kabisa, kazi ikabaki kwa wenyeji? Ni swali la haki, hasa ukikumbuka kwamba kwa miaka mingi wahariri wa nje walimtuma mtu wao kwa ndege hata pale ambapo fundi mzuri alikuwa anaishi mtaa wa pili. Kazi hizo zinastahili kwenda kwa mafundi wa Cusco, Puno na La Paz, na mgeni mkaazi aliye mwungwana angemtajia mhariri majina yao. Ila neno mwenyeji lina tabaka nyingi. Januari 26, 1983 waandishi wa habari wanane, raia wa Peru, waliuawa na wanakijiji wa Uchuraccay, milimani Ayacucho, wakati wa vita kati ya dola na kundi la Sendero Luminoso. Mmoja wao, Willy Retto, aliendelea kubonyeza kamera, na filamu yake ilipopatikana baadaye ilionyesha wenzake wakijaribu kujieleza. Walikuwa na uraia uleule na waliowaua, na haukutosha kuwafanya wafahamike katika kijiji kilichokuwa kinaishi kwa hofu. Na upande wa pili, Chambi, mwenyeji wa wenyeji, alipata ufundi wake wa kwanza kwa wageni wa mgodini. Mwaka 1977 Mmarekani Edward Ranney, mpigapicha aliyekuwa akifanya kazi Andes tangu miaka ya 1960, alishirikiana na Víctor Chambi, mwana wa Martín, kusafisha na kuorodhesha maelfu ya vioo vilivyoachwa na mzee huyo, aliyefariki mwaka 1973. Miaka miwili baadaye kazi za Chambi zilionyeshwa kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Sijui kazi ya heshima zaidi ambayo mpigapicha mgeni ameifanya katika mji ule kuliko hiyo ya kuweka kamera yake chini na kufuta vumbi kwenye vioo vya mwingine.

Wengine husema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa sasa kila mtu ana simu yenye kamera, na picha hurudi kwa kubonyeza mara moja. Simu imebadilisha mengi, na imempunguzia mgeni kiburi, jambo jema. Lakini tazama Vinicunca, mlima wa rangi nyingi kusini mashariki mwa Cusco, unaozidi kimo cha meta 5,000. Hadi katikati ya miaka ya 2010 ulijulikana na wafugaji wa huko na wapanda milima wachache. Picha zikaenea mitandaoni, nyingi zikiwa zimeongezwa rangi kuliko mlima wenyewe, na baada ya muda mfupi watalii wakawa wanakuja kwa mamia hadi elfu kwa siku. Jumuiya za hapo zikaanza kutoza kiingilio na kukodisha farasi, na vijana wakapata kazi nyumbani. Wakati huohuo njia ikachimbika kwa miguu na kwato, na eneo la ardhi oevu likageuzwa maegesho ya magari. Picha zile zilirudi, tena kwa kishindo, lakini zilirudi na umati ambao wafugaji hawakuulizwa kama wanautaka. Nani angewauliza? Yule aliyekuwa anawajua kwa majina kabla hajaibandika picha.

Na kuna aina ya picha ambayo bila ukaazi, au bila kurudi tena na tena, haipo kabisa. Peru ina takribani asilimia 70 ya barafu ya milima ya tropiki duniani, ndugu wa ile inayopungua juu ya Kilimanjaro na Rwenzori. Wajerumani na Waustria waliofika Cordillera Blanca, safu ya milima ya Peru, katika miaka ya 1930, akina Hans Kinzl na Erwin Schneider, walipiga picha za vilele na barafu kwa ajili ya ramani zao. Leo picha hizo hutumika kuonyesha barafu ilikuwa wapi. Kwenye hija ya Qoyllur Rit'i, inayofanyika juu ya Ocongate kabla ya sikukuu ya Ekaristi, wacheza ngoma wanaoitwa ukuku walikuwa wakishusha vipande vya barafu mgongoni. Barafu ilipozidi kupungua, wakaacha. Mgeni aliyekuja mwaka mmoja ana picha ya watu wenye barafu, au ya watu wasio na barafu. Aliyekaa ana zote mbili, na pengine anamjua aliyekuwa akibeba.

Hata kazi nzuri kuliko zote haijalimaliza swali la njia ya picha. Negativu za TAFOS zimehifadhiwa Lima, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Peru, na zimehifadhiwa vizuri. Makavazi ya Chambi yamebaki Cusco mikononi mwa kizazi chake. Kutoka Ocongate hadi Lima ni safari ya basi inayozidi usiku mzima, na mwana wa mkulima aliyepiga picha zile mwaka 1988 akitaka kuiona sura ya babu yake inambidi ajue kwanza kwamba ipo. Vyuo, wafadhili na wachapishaji wa vitabu vya picha hutenga fedha za safari, za lenzi na za maonyesho. Watenge pia za kuchapa picha kwenye karatasi, kuandika majina nyuma yake kwa Kiquechua na Kihispania, na kumpa mtu nauli ya kuzipeleka nyumba kwa nyumba. Mgeni anayeishi huko tayari anaijua njia.